Kivimbe kisichouma: kuelewa kansa ya tezi za mate

LUBUMBASHI – Katika mji huu mtu anaenda hospitali kwa sababu mbili kubwa: maumivu au homa. Kama hakuna maumivu wala homa, pesa inaenda kwanza kwa unga wa bukari, kodi ya nyumba na minervali ya watoto. Kwa familia zilizokimbia vita na kuanza maisha upya katika nyumba za ndugu, hesabu hiyo ni kali zaidi. Ndiyo maana kuna ugonjwa unaoweza kukaa mwilini kwa miaka bila kusumbuliwa na mtu: kansa ya tezi za mate. Mara nyingi unaanza na kivimbe kidogo mbele ya sikio, chini ya taya au ndani ya mdomo. Hakiumi. Hakileti homa. Na kwa sababu hakiumi, mgonjwa anasema atakiangalia kesho, na kesho inakuwa mwaka.

Ni ugonjwa wa nadra. Mwaka 2020, katika dunia nzima, ulihesabiwa kwa watu zaidi ya 50,000, wakati wagonjwa wapya wa kansa zote walipita milioni 19. Yaani katika wagonjwa 1,000 wa kansa, wenye kansa hii ni karibu watatu tu. Muuguzi wa kituo kidogo cha afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona hata mmoja. Lakini nadra haina maana kwamba haipo, wala kwamba hakuna anayeijua. Inajulikana vizuri, na inayo matibabu. Kinachoharibu mambo mara nyingi ni muda uliopotea kabla ya jina la ugonjwa kujulikana.

Tezi za mate ziko wapi

Mwili wa mtu mzima unatengeneza mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kila siku. Mate hayo yanalainisha chakula, yanaanza kukiyeyusha na yanalinda meno. Yanatoka katika tezi kubwa jozi tatu. Jozi ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, iko mbele ya masikio na kushuka kidogo chini yake. Waganga wanaiita parotidi. Jozi ya pili iko chini ya mfupa wa taya. Ya tatu iko chini ya ulimi. Zaidi ya hizo, kuna tezi ndogo sana, mia kadhaa, zilizotawanyika katika midomo, mashavu, koo na kaakaa, yaani sehemu ya juu ndani ya mdomo.

Kivimbe kinaweza kuota popote penye tezi. Vingi vinaota katika parotidi, na habari njema ni kwamba karibu vinane katika kila kumi vya mahali hapo si kansa. Chini ya taya, hali ni karibu nusu kwa nusu. Katika tezi ndogo za mdomoni na zile za chini ya ulimi, vilivyo kansa ni vingi kuliko visivyo. Kanuni wanayofundishwa waganga ni fupi: jinsi tezi ilivyo ndogo, ndivyo kivimbe chake kinavyostahili kuogopwa zaidi. Kwa hiyo kidonge kigumu juu ya kaakaa, ambacho mtu anadhani ni jeraha la mfupa wa samaki, hakifai kuachwa.

Mama mmoja wa Katuba

Katika komini ya Katuba anaishi mama wa watoto wanne aliyetoka upande wa Pweto wakati watu walipokimbia mapigano. Jina lake libaki kwake. Anauza mikate ya mafuta asubuhi mbele ya nyumba ya shemeji yake, na watu wa barabara hiyo wote wanamjua kwa kicheko chake.

Kivimbe chake kilianza akiwa bado nyumbani, chini ya sikio la kushoto, kikubwa kama punje ya kunde. Munganga mmoja kule alikichoma sindano nyembamba, akamwambia arudi kuchukua jibu. Jibu lilirudi, akalitia karatasi katika mfuko pamoja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Usiku wa kukimbia, alibeba mtoto mdogo mgongoni na sufuria kichwani. Mfuko ulibaki.

Alipofika Lubumbashi hakuwa na karatasi, na hakukumbuka neno lililoandikwa. Alichokumbuka ni kwamba hakikuwa kinauma. Jirani mmoja alisema ni jino. Mwingine alisema ni oreillons, ule ugonjwa wa watoto wa kuvimba mashavu. Katika dispansari moja ya mtaa alipewa antibiotiki, kisha antibiotiki nyingine, kisha ya tatu. Kivimbe hakikupungua, lakini pia hakikumzuia kukanda unga. Kijana wa familia alitaka kumpeleka kwa mtu anayepasua majipu kwa wembe. Shemeji alikataa, na kukataa huko pengine ndiko kulikomwokoa.

Siku moja alimpeleka mtoto chanjo. Muuguzi mzee aliyekuwa akiandika majina alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida.

– Mama, fumba macho kidogo.

Alifumba. Jicho la kulia lilifungika. La kushoto lilibaki wazi kama mlango usio na kufuli.

– Sasa cheka.

Mdomo ulivutwa upande mmoja tu. Muuguzi akaacha kalamu, akamwuliza kama alipata kiharusi, akasema hapana. Ndipo akashika chini ya sikio. Siku hiyohiyo aliandika karatasi ya kumtuma kwa munganga wa masikio, pua na koo, yule ambaye watu wa hospitali wanamwita ORL.

Kwa nini jicho lilikataa kufunga

Ndani ya tezi ya parotidi unapita mshipa wa fahamu wa uso. Unatoka nyuma ya sikio, unaingia katika tezi na kugawanyika kama matawi ya mti: matawi makubwa matano, moja la paji la uso, moja la macho, mengine ya shavu, mdomo na shingo. Mshipa huo ndio unaofanya mtu afumbe macho, apulize moto, acheke. Kivimbe kisicho kansa kinausukuma kando, na mara nyingi hakiudhuru. Kansa inaweza kuuingia. Kwa hiyo kivimbe cha shavu kikiambatana na uso kulegea upande mmoja, jambo hilo si la kusubiri hata wiki.

Dalili nyingine za kutilia maanani ni hizi: kivimbe kilichokaa kimya kwa miaka kisha kikaanza kukua haraka, kigumu kisichosogea chini ya vidole, ngozi iliyoshikana nacho au yenye kidonda, ganzi katika shavu au ulimi, tezi za shingo zilizovimba upande huohuo, taya inayokataa kufunguka vizuri. Maumivu yanaweza kuja, lakini mara nyingi yanachelewa. Mtu anayengoja maumivu ili aamini kwamba anaumwa anaweza kukuta ugonjwa umekwisha kumtangulia.

Si kila kivimbe ni kansa

Neno hili lisilete hofu isiyo na sababu, maana mashavu yanavimba kwa mambo mengi. Oreillons inakuja na homa, mara nyingi pande mbili, na inaondoka ndani ya siku kumi hivi. Jiwe dogo linaweza kuziba njia ya mate, hasa chini ya taya: hapo uvimbe unakuja wakati wa kula, unauma, kisha unapungua baada ya chakula. Jino bovu lina maumivu yake yanayojulikana. Kifua kikuu kinaweza kuvimbisha tezi za shingo na za karibu na sikio. Virusi vya ukimwi navyo vinaweza kuvimbisha parotidi pande zote mbili polepole, bila maumivu. Kwa hiyo munganga akiomba kipimo cha damu, hamtukani mgonjwa, anatafuta njia.

Kwa watoto kuna jambo lingine. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, munganga Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye taya zilizovimba kwa namna ya ajabu, kisha akaona wengine. Mwaka uliofuata aliandika juu yao, na kansa hiyo sasa inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Si kansa ya tezi za mate, na inakua haraka sana, lakini dawa zinaweza kuiponya kama mtoto akifikishwa mapema. Ilijulikana kwa sababu munganga mmoja hakuridhika na jibu la haraka alipoona uso uliovimba.

Kanuni inayowafaa wote ni rahisi: kivimbe cha shavu, taya au mdomo kilichopita wiki tatu bila kuondoka kinahitaji kuonwa na munganga. Kama antibiotiki ya kwanza haikubadilisha kitu, ya tatu haitabadilisha. Kinachohitajika hapo ni kipimo.

Sindano kwanza, wembe kamwe

Kipimo cha kwanza ni sindano nyembamba. Munganga anaichoma katika kivimbe, anavuta chembe kidogo, anazipaka juu ya kioo, na mtaalamu wa maabara anazitazama kwa darubini. Haihitaji kulazwa. Watu wengi wanaogopa kwamba sindano itaichokoza kansa na kuitawanya. Kwa sindano hii nyembamba hofu hiyo haina msingi, na imechelewesha wengi. Baada yake munganga anaweza kuomba ekografi au skana ili kuona kivimbe kimefika wapi, na picha ya kifua ili kuona kama mapafu ni salama.

Kupasua kwa wembe ni jambo tofauti kabisa. Kuna kivimbe kinachoitwa adenoma pleomofi, ambacho ndicho cha kawaida kuliko vyote katika tezi hizi. Si kansa. Lakini kikitobolewa au kukwanguliwa ovyo, kinamwaga mbegu zake na kurudi vipande vingi, na kazi ya kukitoa mara ya pili inakuwa ngumu mara nyingi zaidi. Kikiachwa miaka mingi, nacho kinaweza kugeuka kansa. Tena wembe haujui mshipa wa uso uko wapi. Mtu anaingia na kivimbe, anatoka na jicho lisilofunga maisha yake yote.

Majina yaliyo kwenye karatasi

Wataalamu wanahesabu aina zaidi ya 20 za kansa ya tezi za mate, na hazifanani tabia. Inayoonekana zaidi ni mukoepidemoidi. Ikiwa ya daraja la chini na ikitolewa yote, mgonjwa ana matumaini makubwa. Nyingine ni ile ambayo karatasi ya Kifaransa itaandika «carcinome adénoïde kystique». Hii inakwenda polepole, lakini ina mwendo wa mwizi: inatambaa kando ya mishipa ya fahamu, na inaweza kujitokeza katika mapafu miaka mingi baada ya upasuaji. Mwenye aina hiyo hatakiwi kusema amemaliza baada ya miaka mitano. Anarudi kuangaliwa kwa miaka kumi na zaidi.

Ndiyo maana haitoshi kumwambia mgonjwa ana kansa. Anayo haki ya kuuliza: aina gani, daraja gani, imetolewa yote au kingo zake zilibaki. Majibu matatu hayo ndiyo yanayoamua kinachofuata.

Matibabu yanaanza na upasuaji, na huu ni wa mtu aliyejifunza kuutafuta mshipa wa uso na kuulinda. Lubumbashi ina hospitali kubwa zinazopokea wagonjwa wa namna hii, kama Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi na hospitali ya Jason Sendwe. Baada ya upasuaji, kama aina ni kali, kama kingo zilibaki au kama mshipa uliguswa, mgonjwa anahitaji mionzi. Kemoterapi, ambayo watu wengi wanaifikiria kwanza wakisikia neno kansa, haina nguvu kubwa kwa ugonjwa huu.

Mama wa Katuba alipasuliwa. Tawi moja la mshipa lilikuwa limekwisha kuliwa na halikuweza kuokolewa. Sasa anafunga jicho la kushoto kwa kitambaa usiku ili lisikauke, na mchana anatia matone. Mikate anauza. Kicheko kinakwenda upande mmoja, na wateja wake wamekizoea.

Swali la Shinkolobwe

Katika Haut-Katanga, neno mionzi haliwezi kutajwa bila mtu kuuliza juu ya Shinkolobwe. Mgodi huo ulio karibu na Likasi uligunduliwa mwaka 1915, ukaanza kuchimbwa mwaka 1921 na Union Minière, kwanza kwa ajili ya radiumu. Sehemu kubwa ya uraniumu iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka humo. Na ni kule Japani, kwa waliopona mabomu, ambako watafiti waliona wazi kwamba mionzi inaongeza vivimbe vya tezi za mate: aliyepigwa na mionzi mingi zaidi alikuwa katika hatari zaidi. Udongo wa Katanga uko ndani ya historia ya ugonjwa huu kwa namna ambayo wakaaji wengi hawakuambiwa.

Lakini lisisemwe zaidi ya linalojulikana. Mionzi ya bomu si sawa na vumbi la mgodi, na kwa wagonjwa wengi wa kansa ya tezi za mate duniani hakuna sababu inayoonekana. Mama wa Katuba hakuwahi kuchimba. Hakuvuta tumbaku. Si mtu aliyemtupia, si dhambi, si chakula cha ukimbizini. Kutafuta mkosaji ndani ya familia kunakula muda na pesa ambazo zingelipa safari ya hospitali. Anayefanya kazi katika migodi yenye uraniumu ana sababu za kutosha za kudai ulinzi wa afya yake, na akiona kivimbe amwambie munganga kazi aliyoifanya.

Mionzi inayotibu iko mbali

Mionzi hiyohiyo, ikipimwa na kuelekezwa kwa mashine, inaua mabaki ya kansa. Shida ni njia. Kinshasa iko zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa, na inafikiwa kwa ndege. Upande wa kusini, kwa kupitia Kasumbalesa, kuna Lusaka, ambako hospitali ya magonjwa ya kansa ya Zambia ilifunguliwa mwaka 2007. Upande wa mashariki kuna taasisi ya Ocean Road mjini Dar es Salaam. Matibabu ya mionzi yanachukua wiki sita hivi, siku tano kila wiki, kwa dakika chache kila mara. Kwa familia maskini, dakika hizo si tatizo. Tatizo ni wiki sita za kulala na kula katika mji wa wengine, pasi ya kuvuka mpaka, na watoto waliobaki nyuma.

Mwaka 2022 shirika la kimataifa la nguvu za atomiki lilianzisha mpango wa kupeleka matibabu ya mionzi katika nchi zinazokosa, na Kongo ilikuwa kati ya nchi za kwanza kutajwa. Jimbo lililotoa uraniumu ya kuua linayo haki ya kuuliza lini litapata mashine ya kuponya. Swali hilo ni la wabunge, wakubwa wa afya na makampuni ya migodi, na raia wanaruhusiwa kulirudia kila kampeni.

Wakati huo mama wa Katuba anahesabu. Watu wa kanisa lake wametoa walichokuwa nacho, shemeji ameuza pikipiki. Mionzi inafaa kuanza ndani ya wiki chache baada ya upasuaji, na kila wiki inayopita anaijua kwa tarehe.

Karatasi ni dawa

Familia zilizokimbia zinajua kubeba kilicho cha lazima. Karatasi za hospitali ziingie katika hesabu hiyo. Jibu la maabara, karatasi ya upasuaji na picha za skana zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu wawili wanaoishi miji tofauti. Mmoja akipoteza, mwingine anayo. Jina la ugonjwa liandikwe nyuma ya kadi ya mtoto ya chanjo, au katika Biblia, au popote ambapo mkono utafika kwanza usiku wa kukimbia. Kama maabara imehifadhi kipande cha nyama kilichotolewa, familia iulize namba yake, maana munganga wa mji mwingine anaweza kuomba kitazamwe tena bila kumpasua mgonjwa upya.

Na kwa asiyekuwa na kivimbe, kazi ni ndogo. Mara moja kwa mwezi, wakati wa kunawa uso, vidole vipite mbele ya masikio, chini ya taya na shingoni, kulia na kushoto, ulimi upite juu ya kaakaa. Pande mbili zinapaswa kufanana. Zisipofanana baada ya wiki tatu, maneno ya kumwambia muuguzi ni machache: «Nina kivimbe hapa, hakiumi, hakiondoki, naomba kipimwe kwa sindano.»